UJIRA ULIOWEKWA AKIBA: MAFAO YA UZEENI KATIKA MIZANI YA SHERIA

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe wote, aliyeharamisha dhulma baina ya waja Wake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake, masahaba zake na wote waliowafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Amma baad.

Katika darsa tunayoisomesha baada ya sala ya Alasiri huko Zuzu, magharibi ya mji wa Dodoma, tulifika mlango wa Ijara katika Minhaj ya Imam Nawawi. Tulikuwa tukieleza nguzo za ijara na sharti la ujira kujulikana, tukidhani kuwa somo ni la wanafunzi wa fiqhi peke yao. Haikuwa hivyo. Mzee mmoja, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, aliuliza kama pensheni anayoipokea kila mwezi ni halali, na kama ana zaka juu ya mkupuo aliolipwa. Mlinzi wa usiku akasema kuwa amekatwa mchango miaka kadhaa, lakini alipokwenda kuuliza salio lake alikuta miezi mingi haina kitu. Mama mmoja mjane, kwa kupitia kwa mwanawe, akauliza kama mashemeji zake wana haki katika mafao ya marehemu mumewe. Wa mwisho alikuwa maalim wa madrasa. Yeye alisema maneno mafupi tu: "Na sisi je, Sheikh?"

Maswali haya manne tuliona yanastahiki kujibiwa kwa urefu, kwani hayawahusu watu wa Zuzu peke yao. Kila imamu anayesoma makala hii anao watu kama hao katika safu za msikiti wake.

MSINGI WA JAMBO HILI

Kabla ya kuingia katika hukumu, ni lazima tujue kuwa Uislamu haukumtazama mfanyakazi kama chombo cha kutumiwa kisha kutupwa. Katika hadithi ya Abu Dharr (R.A.) iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) aliwaita wanaotutumikia kuwa ni ndugu zetu, akaamrisha walishwe na kuvishwa kwa mfano wa tunavyokula na kuvaa, na wasikalifishwe wasiyoyaweza. Na katika hadithi ya Mustawrid bin Shaddad (R.A.) iliyopokewa na Abu Daud, Mtume (S.A.W.) alieleza kuwa mwenye kuwafanyia Waislamu kazi ya utumishi na hana mke, apate mke, hana mtumishi, apate mtumishi, hana makazi, apate makazi. Mwenye kuzidisha juu ya hayo ndiye mwenye kufanya hiyana. Hadithi hii inatufunza kuwa utulivu wa maisha ya mtumishi ni katika haki zake, na kwamba haki hiyo ina mpaka.

Kuhusu ujira uliobaki mkononi mwa mwajiri, hakuna kisa kilicho wazi zaidi kuliko cha watu watatu waliofungiwa pangoni na jiwe. Mmoja wao alikuwa ameajiri vibarua, akawalipa wote isipokuwa mmoja aliyeondoka akauacha ujira wake. Mwajiri hakuula. Aliufanyia kazi mpaka ukazaa mali nyingi na wanyama. Yule kibarua aliporudi baada ya muda mrefu kudai haki yake, alikabidhiwa vyote, hata akadhani anafanyiwa mzaha. Imam Bukhari amekiweka kisa hiki katika Kitabu cha Ijara, chini ya mlango unaomhusu mtu aliyeacha ujira wake na mwajiri akaufanyia kazi ukazidi. Wanazuoni wameeleza kuwa ziada ile aliitoa kwa ihsani. Kilichokuwa wajibu juu yake ni ujira wenyewe. Basi ndugu msomaji, mfuko wa pensheni ni nini kama si ujira ulioachwa kwa mwenye kuuhifadhi, ili mwenyewe aje auchukue siku nguvu zitakapomwishia?

YALIYOPITA KATIKA HISTORIA

Wako wanaodhani kuwa kumhudumia mzee aliyeshindwa kazi ni fikra iliyotoka Ulaya. Historia yetu inasema kinyume. Khalifa Umar bin Al-Khattab (R.A.) alianzisha Diwani mnamo mwaka wa 20 Hijria, na wengine wamesema mwaka wa 15, na ndani yake yakaandikwa majina ya watu na viwango vyao vya atwaa, yaani malipo kutoka Baitul-Mal. Mwanzo watoto walikuwa hawaandikiwi mpaka waachishwe ziwa. Usiku mmoja Umar alimsikia mtoto akilia, akatambua kuwa mama yake anamwachisha mapema ili apate kuandikiwa. Akaingiwa na majuto, akaamuru kila mtoto wa Kiislamu aandikiwe tangu anapozaliwa.

Vilevile Kadhi Abu Yusuf, aliyefariki mwaka 182 Hijria, amesimulia katika Kitabul-Kharaj kuwa Umar alimkuta mzee wa Kiyahudi, kipofu, akiomba mlangoni. Alipojua kuwa kinachomwombesha ni jizya, haja na uzee, alimchukua nyumbani kwake akampa alichonacho, kisha akamwagiza mwenye kutunza Baitul-Mal amwangalie yeye na walio mfano wake. Hoja yake ilikuwa kwamba si uadilifu kumtumia mtu katika ujana wake kisha kumtupa anapozeeka. Tuzingatie kuwa aliyefanyiwa haya hakuwa Muislamu.

Hapa kwetu, utaratibu wa sasa una historia fupi. Mfuko wa Taifa wa Akiba ya Wafanyakazi, NPF, ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 1964, na kwa sheria ya mwaka 1997 ukageuzwa kuwa NSSF. Mashirika ya umma yalipata PPF mwaka 1978, na watumishi wa Serikali PSPF kwa sheria ya mwaka 1999. Mwaka 2018 mifuko minne, PSPF, PPF, LAPF na GEPF, iliunganishwa kuwa mmoja, PSSSF, kwa watumishi wa umma, na NSSF ikabakia na sekta binafsi na waliojiajiri. Kule Zanzibar kuna ZSSF, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1998. Tena Zanzibar imepiga hatua inayotukumbusha Diwani ya Umar: tangu Aprili 2016 wazee wote waliofikia umri wa miaka 70 hulipwa pensheni jamii, hata kama hawakuwahi kuajiriwa. Ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi.

Lakini historia hiyo ina somo chungu pia. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, wafanyakazi wa reli, bandari, posta na ndege walibaki na haki zao zikiwa hewani. Mkataba wa kugawana mali na madeni ulitiwa saini mwaka 1984. Wastaafu wa Tanzania walifika mahakamani mwaka 2003, na makubaliano ya kuwalipa yakafikiwa mwaka 2005. Ni miaka 28 tangu kuvunjika. Wangapi walikuwa wamekwishazikwa? Dodoma ni mji wa reli, na wazee wetu wengi waliitumikia reli hiyo. Mwenye kuona suala hili ni dogo na akumbuke jambo hilo.

JE, PENSHENI NI HALALI?

Shaka ya mwalimu wetu mstaafu ina sehemu mbili. Ya kwanza ni gharari, yaani kutojulikana: mtu hukatwa fedha leo bila kujua ataishi miaka mingapi na atalipwa kiasi gani. Ya pili ni riba, kwa kuwa mifuko huweka sehemu ya fedha zake katika hati fungani za Serikali na amana za benki, pamoja na majengo na mikopo. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanza mwaka 2007, majengo yake mengi yalijengwa kwa fedha za mifuko hii.

Kuhusu gharari, wanazuoni wametofautisha baina ya mikataba ya kubadilishana mali, kama kuuza na kununua, na mikataba ya kutoa na kusaidiana. Katika ya kwanza gharari kubwa huharibu mkataba. Katika ya pili husamehewa, hasa kwa madhehebu ya Imam Malik, kama alivyobainisha Imam Al-Qarafi. Kwa msingi huu, Mkutano wa Pili wa Baraza la Utafiti wa Kiislamu la Al-Azhar, uliofanyika Cairo mwaka 1965, ulipitisha kuwa pensheni za serikali na mifumo ya hifadhi ya jamii inayofanana nazo ni katika mambo yanayojuzu. Hapa ndipo inapotofautiana na bima ya kibiashara, ambayo Baraza la Fiqhi la Kimataifa liliikataa katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1985, likaruhusu bima ya kushirikiana.

Kuhusu riba, hapana shaka kuwa riba ni haramu, na wenye mamlaka ya kuwekeza wanabeba dhamana ya wanachokichagua. Lakini mfanyakazi hakuchagua. Mchango hukatwa kwa nguvu ya sheria kabla mshahara haujamfikia. Tena pensheni yake haihesabiwi kwa kuongeza faida juu ya akiba yake, bali huhesabiwa kwa miezi aliyochangia na mshahara aliokuwa akiupata. Kwa hiyo tunaona, na Allah ndiye Mjuzi zaidi, kuwa anachokipokea ni haki yake ya utumishi, na hapasi kukiacha wala kukionea dhiki. Ama anayejiunga kwa hiari yake na akiba ya ziada inayomwahidi asilimia fulani juu ya fedha zake, huyo amechagua mwenyewe, na hukumu yake ni nyingine. Huyo tunamnasihi atafute njia isiyo na riba, na leo njia hizo zipo nchini.

KIKOKOTOO NA RIDHAA YA MFANYAKAZI

Hili ndilo jambo linalozungumzwa zaidi barazani. Mchango kwa jumla ni asilimia 20 ya mshahara. Katika PSSSF mtumishi hutoa 5 na mwajiri 15. Katika NSSF kwa kawaida ni 10 kwa 10. Mtu hustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, na kwa lazima akiwa na 60. Swali ni jinsi ya kukokotoa.

Tuchukue mfano wa mtumishi aliyechangia miezi 360, na wastani wa mshahara wake ni shilingi 1,000,000 kwa mwezi, yaani 12,000,000 kwa mwaka. Kwa kanuni iliyotumika katika PSPF, miezi yake ilizidishwa kwa mshahara wa mwaka na kugawanywa kwa 540. Nusu ya kinachopatikana ikazidishwa kwa 15.5 kuwa mkupuo. Angepata mkupuo wa shilingi 62,000,000 na pensheni ya takriban 333,000 kwa mwezi. Kwa kanuni iliyoanza Julai 2022, kigawanyo ni 580, sehemu ya mkupuo asilimia 33, na kizidisho 12.5. Mkupuo wake unakuwa takriban 30,724,000 na pensheni takriban 415,900 kwa mwezi. Mwaka 2024 Serikali ilipandisha sehemu ya mkupuo mpaka asilimia 40 kwa waliokuwa wakipata nusu hapo zamani, na 35 kwa waliokuwa wakipata robo. Kwa asilimia 40, mtu wetu anapata mkupuo wa takriban 37,241,000 na pensheni takriban 372,400.

Kabla ya hapo, mwaka 2018, kanuni ya asilimia 25 kwa wote ilizua malalamiko makubwa hata Rais akaisimamisha mwezi Desemba mwaka huo huo. Wenye mifuko nao walikuwa na hoja: mfuko ukiwalipa wa leo zaidi ya uwezo wake, wa kesho hawatakuta kitu. Tena Serikali yenyewe ilikuwa ikidaiwa kwa ajili ya watumishi waliostaafu bila kuchangiwa kabla ya mwaka 1999, deni ambalo mwaka 2021 ilitoa hati fungani maalumu ya takriban shilingi trilioni 2.17 kulipunguza.

Sisi tunasema nini? Allah (S.W.) katika aya ya kwanza ya Suratul-Maida ameamrisha kutimizwa kwa mikataba, na katika Suratun-Nisaa, aya ya 29, ameifanya ridhaa kuwa msingi wa mali kuhama baina ya watu. Mtu aliyefanya kazi miaka 28 akiwa na hesabu moja kichwani, kisha ikabadilishwa miaka miwili kabla ya kustaafu, si ajabu akakosa kuridhika. Upande wa pili, kuilinda mali ya pamoja isiteketee ni maslahi yanayozingatiwa na sheria. Kinachoukaribia uadilifu zaidi ni kanuni mpya kuwahusu wanaoanza kazi na miaka inayokuja, na miaka iliyokwisha kutumikiwa iheshimiwe kwa hesabu yake. Na mabadiliko yatanguliwe na mashauriano. Hatusemi hivi kama fatwa, kwani hili ni la wenye mamlaka na wataalamu. Tunasema kwa kuwa kunyamaza nako kuna hesabu yake.

Na mstaafu naye asidanganywe na mkupuo. Tumewaona wenye kupokea mamilioni wakafungua biashara wasiyoijua, au wakajenga nyumba isiyofika kwenye lenta, na baada ya mwaka mmoja wakarudi kukopa. Pensheni ndogo ya kila mwezi ina baraka ambayo mkupuo mkubwa hauna.

ZAKA JUU YA MAFAO

Mali haiwajibiki zaka mpaka iwe katika milki kamili. Mfanyakazi aliyemo kazini hawezi kuuza wala kuutoa mchango wake atakavyo. Hivyo milki yake haijakamilika. Baraza la Fiqhi la Kimataifa, katika kikao chake cha 16 huko Dubai, Aprili 2005, lilieleza kuwa hapana zaka juu ya mfanyakazi kwa malipo ya kumaliza utumishi wakati wote wa utumishi wake. Akishayapokea, huingia katika mali yake. Kwa madhehebu yetu ya Imam Shafii, mstaafu asiye na mali nyingine ya kutolewa zaka huanza kuhesabu mwaka tangu siku aliyopokea. Kikitimia, akatazama: kilichobaki kikifikia thamani ya nisabu, ambayo ni takriban gramu 85 za dhahabu, hutoa asilimia mbili na nusu. Alichokula, alichojengea nyumba ya kukaa au alichohijia kabla ya mwaka kutimia hakina zaka.

MJANE NA MASHEMEJI

Hapa lazima tutenganishe vitu viwili. Kila ambacho marehemu alikwishastahiki kabla ya kufa, kama mshahara wa siku alizofanya kazi, pensheni ya miezi ambayo haikulipwa, au mkupuo aliostaafia akafa kabla ya kuupokea, hicho ni tirka. Hulipwa madeni yake, hutekelezwa wasia wake katika theluthi, kisha hugawanywa kwa faraidh. Ama malipo ambayo sheria ya mfuko huwapa wategemezi baada ya kifo chake, wanazuoni wengi wa zama hizi wanayaona kuwa ni atiya kwa wale waliotajwa na sheria, wala si tirka.

Tuchukue mfano. Marehemu ameacha mke, mama, watoto wawili wa kiume na mmoja wa kike, na mkupuo wa shilingi 24,000,000. Mke ana thumni, 3,000,000. Mama ana sudusi, 4,000,000. Zinabaki 17,000,000, zinagawanywa mafungu matano: kila mwana wa kiume 6,800,000 na binti 3,400,000. Ndugu wa marehemu hawapati kitu, kwa kuwa mtoto wa kiume amewazuia. Mashemeji wanaokuja na daftari siku ya tatu ya msiba wajue kuwa mali ya yatima ni moto tumboni.

Tunawausia waume pia. Ndoa iliyofungwa bila cheti, na mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa, huwa mzigo kwa mjane mbele ya mfuko na mahakama. Andikisheni wategemezi wenu wote, na mwenye wake wawili asimfiche mmoja katika fomu.

MCHANGO ULIOKATWA NA KUTOWASILISHWA

Ndugu yetu mlinzi amedhulumiwa mara mbili. Fedha iliyokatwa katika mshahara wake ni mali yake iliyo amana mikononi mwa mwajiri. Mwenye kuizuia ni mwenye kufanya hiyana. Na sehemu ya mwajiri ni deni kwa mujibu wa sheria na mkataba. Katika hadithi qudsi iliyopokewa na Bukhari, mmoja wa watu watatu ambao Allah atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama ni aliyemwajiri mtu, akapata kazi yake kamili, kisha asimpe ujira wake. Toba ya mwajiri wa namna hii haitimii kwa istighfari wala kwa kufuturisha watu Ramadhani. Inatimia kwa kulipa. Na mfanyakazi asingoje siku ya kustaafu: aulize salio lake kila mwaka, atunze hati za mshahara, na akiona upungufu aupeleke mfuko wenyewe, ambao unayo mamlaka ya kisheria ya kumdai mwajiri.

"NA SISI JE, SHEIKH?"

Swali la maalim tumeliweka mwisho kwa kuwa linatuhusu sisi wenyewe. Tumemkemea mwajiri wa mlinzi. Je, kamati za misikiti yetu zimewaandikisha wangapi? Maalim anasomesha miaka 30 kwa posho isiyo na mkataba, na akishindwa kusimama anapewa dua na kanzu.

Katika madhehebu yetu, kulipwa kwa kufundisha Qur'an kunajuzu, na pia kwa adhana kwa kauli sahihi zaidi. Ama kuajiriwa kwa uimamu wa sala za faradhi, kauli sahihi ni kuwa mkataba wake hausihi, lakini imamu anaweza kupokea riziki kutoka Baitul-Mal au wakfu. Imepokewa kuwa Umar na Uthman (R.A.) wakiwapa riziki waadhini, maimamu na walimu. Basi hakuna kizuizi cha sheria. Kilichopo ni uzembe wetu.

Njia ziko mbili, na zaweza kwenda pamoja. Kwanza, walimu wanaolipwa mshahara waandikishwe NSSF kama wafanyakazi wengine. Asiye na mwajiri ajiunge kama aliyejiajiri. Pili, msikiti uweke wakfu maalumu kwa ajili ya uzee wa watumishi wake: vyumba viwili vya kupangisha, au ekari moja ya zabibu, ambazo ardhi ya Dodoma inazikubali. Matunda yake yasiguswe kwa kupaka rangi msikiti, maana sharti la mwekaji wakfu huheshimiwa.

Siku ile baada ya darsa, tulikaa na kamati ya msikiti mpaka Magharibi. Hatukutoka na shamba. Tulitoka na daftari lenye jina la maalim yule, mwaka alioanza kusomesha, na ahadi ya mchango wa kwanza. Diwani ya Umar nayo ilianza kwa kuandika majina.

Tunamuomba Allah (S.W.) atujaalie kuwa miongoni mwa wenye kutimiza haki za watu kabla ya kudaiwa, na atupe mwisho mwema katika uzee wetu. Wallahu A'lam. Wabillahi tawfiq.